Kibadilisha joto cha stenlesi kinapogoma: soma dalili, tafuta chanzo, rekebisha bila kuumia

Mwongozo huu ni wa fundi anayejua tayari kuchomelea stenlesi kwa tigi (TIG, yaani kwa ncha ya tungsteni inayokingwa na gesi ya agoni), amechukua kazi ya kibadilisha joto kidogo cha kiwanda cha maziwa au juisi, na sasa kazi inamsumbua. Weldi imeungua kwa ndani, sahani imepinda, presha inashuka, au mteja amepiga simu kusema maziwa hayapati moto. Ili namba zisielee hewani, nitashika mfano mmoja: mirija 19 yenye kipenyo cha nje cha milimita 19 na ukuta wa milimita 1.65, urefu mita 1.2, imepangwa ndani ya ganda la paipu ya inchi 6, na kila ncha ya mrija imechomelewa kwenye sahani nene yenye matundu. Vyote ni stenlesi ya 304L. Maziwa yanapita ndani ya mirija, maji ya moto yanazunguka kwenye ganda.

Kasoro inayoonekana siku ya kupima presha, au miezi baadaye kwa mteja, mara nyingi ilizaliwa mapema sana, kwenye usafi wa chuma na kwenye gesi ya ndani, yaani agoni inayojazwa nyuma ya weldi ili kufukuza hewa. Ndiyo maana dalili moja inaweza kukupeleka hatua tano nyuma.

Kabla hujagusa kasoro yoyote

Kurekebisha ni hatari kuliko kuunda upya, na hapo silegezi. Chombo kipya kiko wazi, kikavu, na unakijua ndani nje. Kinachorudi karakana kimefungwa, kina maji kwenye pembe, mabaki ya dawa ya kusafishia, au agoni iliyobaki tangu asubuhi, na mwenye mali anasubiri mlangoni. Fungua midomo ya pande zote mbili, upande wa maziwa na upande wa maji, mwaga kila kitu, suuza, kausha. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inajaza takribani lita 1,700 kwa hewa ya kawaida, na ganda lililofungwa halina pa kuupeleka mvuke huo.

Moshi wa stenlesi si sawa na wa chuma cheusi. Una nikeli, na una kromiamu ya aina ya sita inayosababisha saratani ya mapafu. Mwaka 2017 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa kuchomelea kwa ujumla katika kundi la 1, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuwapa binadamu saratani. Tumia kinyonya moshi kilichowekwa kando ya weldi, weka kichwa nje ya njia ya moshi, na vaa kipumulio chenye kichujio cha P3 au P100. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii. Na maziwa je? Mafundi wengi wameambiwa kwamba kunywa maziwa jioni kunasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi umekaa mapafuni, havikutani.

Agoni haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini: kwenye shimo la karakana, ndani ya tangi, ndani ya ganda kubwa. Anayevuta agoni tupu hasikii kubanwa pumzi. Anaanguka tu, baada ya pumzi chache. Usiingize kichwa ndani ya chombo kilichojazwa agoni ili kukagua weldi. Tumia kioo na tochi. Mwenzako akianguka ndani ya tangi, usimfuate bila kifaa cha hewa, maana mtakuwa wawili.

La mwisho hapa ni dawa ya kufuta mafuta. Asetoni inafaa: futa, acha ikauke kabisa, funga chupa, ipeleke mbali, kisha ndiyo uwashe arki. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie kazi hii kabisa. Mvuke wake ukikutana na joto na mwanga wa arki hutoa fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na madhara yake kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baada ya fundi kurudi nyumbani akidhani yuko salama.

Dalili: weldi imeungua kwa ndani na ina chengachenga

Chungulia ndani ya mdomo wa kuingizia. Weldi nzuri kwa ndani ni laini, ya rangi ya fedha au manjano hafifu. Iliyokosa agoni ya ndani ina uvimbe mweusi wa kijivu wenye vinundu, kama sukari iliyoungua sufuriani, na ukiikwaruza kwa ncha ya bisibisi inamomonyoka. Hapo kromiamu iliyokuwa ikilinda chuma imeungana na oksijeni na kuisha. Maziwa yatanasa kwenye vinundu hivyo, bakteria watapata makao, na kutu itaanzia hapo hapo.

Fundi huapa kwamba aliweka agoni ya ndani, na huenda kweli aliiweka. Swali ni muda. Ganda la mfano wetu, ukitoa nafasi iliyochukuliwa na mirija, linabaki na takribani lita 18. Ukipeleka lita 10 kwa dakika, na ukitaka hewa ibadilishwe mara 10, unahitaji dakika 18 kabla ya kuwasha. Ukisubiri dakika tatu, umebadilisha hewa chini ya mara mbili, na oksijeni iliyobaki inatosha kabisa kuunguza. Ingiza agoni kwa chini na utoe hewa kwa juu, kwa kuwa agoni huzama na kusukuma hewa mbele yake. Ukiiingiza kwa juu inachanganyika na hewa na unapoteza gesi bure. Ziba mianya kwa utepe wa alumini. Utepe wa PVC ukipata moto huacha klorini juu ya chuma, na stenlesi haisamehi klorini. Ukianza kuchomelea, punguza hadi lita 3 hadi 5 kwa dakika ili presha ya ndani isisukume weldi ikiwa bado majimaji, na usifunge gesi mpaka chuma kipoe.

Kipimo unachokitafuta ndani ni oksijeni chini ya sehemu 50 kwa milioni. Kile kifaa cha usalama kinachovaliwa kifuani hakikufai kwa hili, kwa sababu husoma kwa hatua za asilimia 0.1, ambazo ni sehemu 1,000 kwa milioni. Kama huna kipima maalumu, chomelea kipande cha majaribio kwa mpangilio ule ule, kikate katikati, ukitazame. Rangi itakuambia: fedha na dhahabu hafifu ni sawa, buluu na zambarau ni onyo, kijivu na nyeusi ni kukata. Kwa upande unaoguswa na chakula mimi sikubali hata buluu.

Tiba yake ni moja tu, kukata na kurudia. Kupitisha weldi nyingine kwa nje kunafunika uso na kuacha ugonjwa ndani.

Dalili: weldi ya mrija inapumua

Unazunguka ncha ya mrija vizuri, duara linakaribia kufunga, halafu pale pa mwisho chuma kilichoyeyuka kinapasuka na kuacha kitundu. Unarudia, kinapasuka tena. Mahali ni pale pale, kwenye kufungia.

Kilichotokea ni kwamba mrija ulipanuliwa kwanza kwa kipanuzi chenye mafuta ukabanwa kwenye tundu la sahani, kisha ukachomelewa. Mafuta na hewa vimenaswa kati ya mrija na sahani. Joto likifika, gesi inatafuta njia, na njia pekee iliyobaki ni weldi yako ambayo haijafunga. Kuongeza ampea hakusaidii, kunaongeza gesi. Vuta mirija, osha ncha na matundu kwa asetoni kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, chomelea kwanza, upanue baadaye, tena kwa wepesi, ukianzia milimita kadhaa ndani ya sahani ili usiipasue weldi. Ganda liwe wazi wakati wote huo.

Vitundu vikiwa vimetawanyika kote badala ya kukaa kwenye kufungia, tafuta upepo. Feni iliyoelekezwa kwa fundi kwa sababu ya joto hupeperusha agoni ya tochi. Lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha kwa kikombe cha kawaida. Kuzidisha sana kunaleta msukosuko unaovuta hewa ndani. Usizime kinyonya moshi ili kuokoa gesi. Kisogeze kando mpaka kivute moshi bila kuigusa gesi, ndivyo mapafu na weldi vinavyopona pamoja.

Tungsteni ikigusa chuma kilichoyeyuka, simama uinoe. Kama ncha yake imepakwa nyekundu ina thoriamu, ambayo ni ya mionzi, na vumbi lake halipaswi kuvutwa. Yenye lanthanamu, dhahabu au buluu, inafanya kazi hiyo hiyo bila shida hiyo.

Dalili: ufa

Ufa mdogo wa nyota pale ulipoinua tochi ni ufa wa kishimo cha mwisho. Umekata umeme ghafla, chuma kikaganda kikijivuta pande zote. Shusha ampea polepole, ongeza fila (waya wa kujazia weldi) kidogo mwishoni, shikilia gesi juu yake mpaka rangi nyekundu iishe.

Ufa wa urefu katikati ya weldi una asili nyingine. Uliza kwanza fila ni ipi. 304L inataka ER308L. 316L inataka ER316L. Ukiunganisha stenlesi na chuma cheusi, tumia ER309L. Kuyeyusha stenlesi bila fila dhidi ya chuma cheusi, au kwa fila ya chuma cheusi, kunatoa weldi ngumu inayopasuka. Kisha uliza kama mafuta ya kukatia na wino wa kuandikia vilifutwa, maana salfa ndani yake huchochea nyufa za moto. Pumzisha kazi kati ya mapito: ukiwa na kalamu ya joto au kipima joto, chuma kisizidi nyuzi 150 kabla ya pito linalofuata.

Ufa wa tatu ndio ninaouogopa. Fundi ameweka kishikio au mguu wa bomba la gavanaizi moja kwa moja kwenye ganda la stenlesi. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 tu, hupenya kati ya chembe za stenlesi yenye moto, na chuma hupasuka papo hapo au baadaye bila onyo. Wakati huo huo moshi mweupe wa zinki humpa fundi homa na baridi usiku, homa inayofanana na malaria kiasi kwamba mtu anaweza kumeza dawa isiyo yake. Gavanaizi isiguswe na moto wa stenlesi. Ondoa mguu, saga eneo lote lililopata zinki, na kama ufa upo, kata kipande kizima.

Dalili: sahani ya mirija imepinda na gasketi haikai

Stenlesi hutanuka kama nusu zaidi ya chuma cheusi, lakini hupitisha joto kwa theluthi moja tu ya uwezo wake. Moto unabaki ulipowekwa, pakavimba, pakaganda, pakavuta. Ukichomelea mirija kwa kufuata safu kutoka upande mmoja hadi mwingine, sahani itainuka na kupinda. Shikiza mirija yote kwanza, anza mrija wa katikati, kisha ruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili unaoutazama. Funga sahani mbili mgongo kwa mgongo au kwenye bamba nene wakati wa kazi. Uso wa gasketi usinyooshwe kwa nyundo; uchongwe kwenye mashine ya tona baada ya weldi zote, ndiyo maana sahani inunuliwe nene milimita mbili tatu kuliko unavyohitaji.

Dalili: madoa ya kutu kwenye kitu ambacho hakipaswi kushika kutu

Mteja anaona madoa ya kahawia baada ya wiki moja na anasema umemuuzia stenlesi bandia. Mara nyingi stenlesi ni halali, ila kutu si yake. Ni vumbi la chuma cheusi lililobandikwa na jiwe la grenda lililokata nondo asubuhi, brashi ya waya wa kawaida, au meza ya chuma ambayo paipu iliburutwa juu yake. Tenga mawe, brashi na faili za stenlesi, ziwekee alama, zifungie. Kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, ambako majirani wanasaga chuma cheusi mkono kwa mkono, funika kazi kwa turubai hata unapokwenda kula.

Kutu ikiwa kwenye ukingo wa weldi kwa mstari ulionyooka, chanzo ni rangi ya moto ambayo haikusafishwa, au ni 304 ya kawaida badala ya 304L. Chuma chenye kaboni nyingi kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 450 na 850, kromiamu hukimbilia kaboni na kuacha mipaka ya chembe bila ulinzi. 304L, yenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, imetengenezwa kuepuka hilo. Dai cheti cha chuma unaponunua.

Kusafisha weldi kuna njia mbili. Ile ya bandiko la asidi ya naitriki na haidrofloriki inafanya kazi haraka, na ndiyo inayotisha. Asidi ya haidrofloriki hupita ngozi bila kuunguza sana mwanzoni, hufuata kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa saa nyingi wakati madhara yanaendelea ndani. Ikienea eneo kubwa inaweza kusimamisha moyo. Usiifungue bila glavu nene za mpira zinazofaa asidi hiyo, ngao ya uso, aproni, maji yanayotiririka, na jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 ikiwa mezani. Ikikugusa, suuza mara moja, paka jeli, nenda hospitali ukiwa na kopo mkononi ili daktari ajue. Kama jeli hiyo haipatikani mjini kwako, basi na bandiko hilo halikufai. Saga rangi kwa mkanda laini, kisha paka asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10, iache ifanye kazi, suuza sana. Ni polepole, lakini utarudi nyumbani mzima.

Dalili: presha inashuka wakati wa kupima

Pima kwa maji. Sikia namba hii: kwa presha ya ba (bar) 6, nguvu inayosukuma kifuniko cha ganda la inchi 6 inalingana na uzito wa zaidi ya tani moja. Maji yakipata mwanya, presha huanguka karibu mara moja, kwa kuwa hayabaniki. Hewa ya kompresa iliyobanwa kwa presha hiyo hiyo huachia nguvu yake yote kwa mlipuko, kifuniko kikaruka na boliti zikafuata. Usipime presha kwa hewa.

Jaza maji kutoka chini, mlango wa juu ukiwa wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Tumia maji yenye kloridi kidogo, chini ya miligramu 50 kwa lita. Panda polepole mpaka mara 1.3 ya presha ya kazi, shikilia, funga valvu ya pampu, kaa kando na si mbele ya vifuniko. Kabla hujasema kinavuja, kagua kama hewa imebaki ndani na kama jua limehama kutoka kwenye ganda; vyote viwili huchezea geji.

Anza na upande wa ganda, vifuniko vya mirija vikiwa vimetolewa, ili uone ncha zote 19 kwa macho. Kausha sahani kwa kitambaa na usubiri. Tone likitokea kwenye duara la nje ya mrija, weldi ndiyo inayovuja. Maji yakichuruzika kutoka ndani ya mrija, mrija wenyewe una tundu au umepasuka mbele zaidi. Tofauti hiyo inakuokoa kusaga weldi isiyo na kosa. Weka alama kwa kalamu isiyo na klorini, shusha presha hadi sifuri, ndipo ushike spana. Boliti haikazwi chini ya presha, hata kama ni robo zamu tu.

Weldi inayovuja ina maji nyuma yake. Kausha kwa hewa ya joto kwa muda wa kutosha, saga sehemu yote yenye kasoro, chomelea, pima upya tangu mwanzo. Mrija uliotoboka unaweza kuzibwa pande zote mbili kwa kizibo cha stenlesi ya aina ile ile, lakini kwanza toboa ukuta wake ili usibaki na maji yaliyofungiwa, la sivyo yatakapopata moto yatasukuma kizibo. Mrija mmoja kati ya 19 ni kama asilimia 5 ya uwezo, mteja ataishi nayo.

Chombo cha presha kina wenyewe kisheria. Wakaguzi wako kwenye mamlaka za usalama na afya mahali pa kazi: Tanzania ni OSHA, Kenya ni DOSHS. Na kama mteja anataka kuingiza mvuke kwenye ganda badala ya maji ya moto, hiyo ni kazi nyingine yenye hesabu na ukaguzi wake. Usikubali kwa maneno ya mlangoni.

Dalili: maziwa hayapati moto

Usianze kwa kulaumu pampu. Pima joto mahali panne: maji yanapoingia na yanapotoka, maziwa yanapoingia na yanapotoka. Maji yakiingia na nyuzi 80 na kutoka na 50 maziwa yakiwa bado baridi, maji ni machache, ongeza mtiririko. Maji yakitoka karibu na joto lililoingia nalo, joto halihami, na sababu ziko ndani.

Sababu ya kwanza kukagua ni hewa. Ganda lisilo na kitundu cha kutolea hewa juu hubaki na povu linalofunika safu za juu za mirija. Ya pili ni mabomba kuunganishwa ili maji na maziwa viende upande mmoja badala ya kupishana. Ya tatu inatoka moja kwa moja kwenye mfano wetu. Kundi la mirija 19, iliyopangwa kwa nafasi ya milimita 25, lina upana wa milimita 119 hivi, wakati ganda lina milimita 161 kwa ndani. Maji hupenda njia rahisi, nayo ni pengo la pembeni. Weka vibati vya kuelekeza maji vinavyokaribia ukuta wa ganda, na vipande vya kuziba pengo kati yake.

Sababu ya nne ndiyo ninayoiona imesahaulika zaidi, nayo ni kasi ya maziwa. Lita 500 kwa saa zikigawanywa kwenye mirija yote 19 kwa mpigo mmoja hutembea chini ya sentimita 4 kwa sekunde. Maziwa yanateleza kwa tabaka, lile linalogusa ukuta linapata moto na kuganda ukoko, la katikati linabaki baridi. Fundi akiongeza mirija akidhani anaongeza nguvu, anapunguza kasi zaidi. Weka vigawanyo kwenye vifuniko ili maziwa yaende na kurudi mara nne, mirija mitano, mitano, mitano na minne, na kasi inakuwa takribani mara nne. Faida nyingine ni usafi: kuosha mirija vizuri kunataka kasi ya mita 1.5 kwa sekunde. Kwa mirija mitano hiyo ni pampu ya kiasi cha mita za ujazo 5 na kidogo kwa saa. Kwa mirija 19 kwa pamoja ungehitaji 20.

Kama kilipasha vizuri mwanzo na kimedhoofika kidogo kidogo, ni ukoko. Upande wa maziwa unataka soda kali ya moto kwanza, kisha asidi ya naitriki au fosforiki iliyopunguzwa. Asidi huongezwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, na asidi isikutane na dawa ya klorini kwenye ndoo moja, maana gesi ya klorini itatoka.

Dalili: vishimo vya sindano au nyufa za matawi baada ya miezi

Hapa chanzo ni kloridi. Mtu ameondoa ukoko kwa asidi ya haidrokloriki, au ameacha maji ya klorini ndani usiku kucha, au anajaza ganda kwa maji ya kisima cha pwani. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina chumvi ya bahari. Kwa maji ya nyuzi 80 yenye chumvi hiyo, 304L haipati vishimo tu, hupasuka: juu ya nyuzi 60 hivi, kloridi pamoja na mvuto uliobaki kwenye weldi huzaa nyufa nyembamba zenye matawi. 316L, yenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, huvumilia vishimo vizuri zaidi, lakini nyufa hizo haizikwepi. Badilisha maji: tumia ya mvua au yaliyosafishwa, kwenye mzunguko uliofungwa usioongezewa kila siku. Kibadilisha joto kikisimama wima, kagua chini ya sahani ya juu. Hewa ikinaswa hapo, mirija inalowa na kukauka, na chumvi inajikusanya hata kama maji yenyewe ni mazuri kiasi.

Mrija ukitoboka kazini, maji ya ganda yanaingia kwenye maziwa. Maziwa ya siku hiyo hayauzwi, hata kama yanaonekana safi.

Dalili: gasketi inatoka au kifuniko kinavuja kila asubuhi

Jana jioni mhudumu alifunga valvu zote mbili za upande wa maziwa, maji ya moto yakaendelea kuzunguka. Maziwa yaliyofungiwa yakatanuka bila pa kwenda, na kwa kuwa kimiminika hakibaniki, nyuzi chache tu za joto zinatosha kupandisha presha kupita ile uliyopimia. Gasketi ndiyo iliyokubali kwanza; safari nyingine itakuwa weldi. Kukaza boliti zaidi ni kuhamisha mpasuko kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma. Weka valvu ya usalama kila upande, kati ya kibadilisha joto na valvu ya kwanza ya kufunga, isiwe na valvu nyingine katikati, na bomba lake la kutolea lishuke hadi karibu na sakafu, likielekea kwenye mfereji na si kwenye miguu ya mhudumu.